Posa Zisizofika kwa Mama Mchungaji

Berea, Johannesburg
6 Julai

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka ghorofa ya saba, ambako lifti imekufa tena na hata miguu yangu inakusalimu. Natumaini presha imeshuka na goti linakufikisha sokoni bila matata. Sisi hatujambo, baridi ya hapa inakata masikio, lakini Mungu ni mwema. Nimeandika kwa mkono na kumpa Alexis anayerudi Kalemie, kwa sababu kwenye simu ungenikatia kabla sijafika kati. Tafadhali kaa kwanza.

Dada Godelieve amenieleza kuwa tangu nilipokuambia Joséline, ninayesali naye hapa, amenikataa, humjibu tena salamu mama yake, Mama Marcelline, na kwamba umetundika pazia kati ya meza yako ya samaki wa ndagala pale sokoni na yake. Mama, pazia hilo linaniua. Joséline bado ndiye ninayemtaka.

Unajua desturi ya kanisa letu hapa: kijana hamwendei binti moja kwa moja. Anapeleka jina kwenye kamati ya ndoa, kisha Mama Mchungaji anamwita binti na kumuuliza. Watu walifikia kumvizia Mama Mchungaji kwenye robot, kama wanavyoita hapa taa za barabarani, zikiwa nyekundu, wakimnong'oneza majina dirishani. Akachoka. Akaniambia, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kompyuta, nitengeneze tovuti ya kanisa na posa zote zipitie humo.

Nikatengeneza, tena vizuri, usinicheke. Kuna seva mbili. Ya mbele ni kama wewe mlangoni kwetu zamani: anayeomba maji unampa mwenyewe, anayeuliza njia unamwelekeza, ila mwenye shauri zito unampeleka ndani kwa Baba. Basi anayetaka saa za ibada au picha za kwaya, seva ya mbele inamjibu yenyewe. Anayeleta posa anapelekwa kwa seva ya nyuma, ambayo inaiandika na kumfikishia Mama Mchungaji. Nani apelekwe wapi, yote yamo kwenye faili moja la sheria, na faili hilo naliandika mimi peke yangu.

Mwezi wa tatu nikatuma posa yangu kwa Joséline. Nikajibiwa papo hapo kuwa imepokelewa, niendelee kusali. Nikasali, Mama! Mwezi ukapita, na wa pili, kimya. Joséline akawa ananipita mlangoni pa kanisa akiangalia viatu vyake. Nikajua nimekataliwa, nikakupigia simu nikilia.

Wiki mbili zilizopita akanifuata Papa Gaston, mzee wa kanisa aliyefiwa na mkewe, suruali ameifunga kwa kamba kwa jinsi alivyokonda. Kwa aibu akaniuliza kama kompyuta inaweza kumchukia mtu. Alikuwa amemposa Mama Joséline, mjane kiongozi wa kwaya mwenye jina sawa na Joséline wangu, mara nne, na kila mara anaambiwa aendelee kusali. Basi akasali, akafunga siku ishirini na moja, akapumzika, akafunga nyingine ishirini na moja. Nikamwambia nitaangalia. Lakini jasho lilikuwa limeshanitoka.

Sasa nisikilize, na usinilaani. Kuna kijana anaitwa Pitchou, mlinzi wa duka kule Jeppestown, mwenye gari na meno mazuri. Nilimwona mara mbili akimbebea Joséline Biblia. Eish, wivu ni ugonjwa! Kabla ya kutuma posa yangu, niliongeza mstari mmoja kwenye faili: posa yoyote yenye jina Joséline isipelekwe kwa seva ya nyuma, iende kwenye programu ya majaribio ambayo humjibu kila mtu aendelee kusali na haisomwi na mtu. Nilipoifungua nione nimenasa nani, nikakuta posa tano. Nne za Papa Gaston. Ya tano yangu. Pitchou hakuwemo; kumbe alishamposa Inès. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi niliingia nikavuta na kifuniko.

Nikafuta mstari, nikazipeleka zote. Papa Gaston alikubaliwa kabla chai haijapoa, na sasa anakula bila huruma. Joséline alipoitwa, alisoma tarehe na kuuliza posa ilikuwa wapi muda wote huo, maana yeye aliisubiri mpaka akaniona mwoga. Nikakiri mbele ya kamati nzima. Mama Mchungaji alicheka mpaka akashika meza. Joséline hakucheka.

Limebaki moja, na ndilo baya zaidi. Nilikuambia Joséline alinicheka mbele ya watu, akasema nyumba yetu inanuka ndagala. Hakusema. Angesemaje, naye kwao wanauza ndagala hizo hizo? Uongo wangu haukuwa hata na akili. Niliutunga kwa uchungu, ili unihurumie. Nisamehe, Mama.

Joséline amejibu kupitia Mama Mchungaji. Amesema ananitaka. Ila hataolewa kwenye nyumba ambayo mama mkwe hamjibu mama yake salamu. Hataki simu yangu wala maneno ya kamati. Anataka kusikia kwa mama yake mwenyewe kuwa ulikwenda ukamweleza ni nani aliyesema uongo.

Kamati inakaa Jumapili ya mwisho ya Agosti. Nenda, Mama, nakupigia magoti. Sema mwanao ni mwongo, sema kwa sauti, soko zima lisikie. Ukimaliza kunitukana, mwombe Mama Marcelline binti yake.

Msalimie Godelieve na wanawe, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akutunze goti hilo, lina safari.

Ni mimi mwanao mwenye aibu,
Elisée