Fasi ya Albertine pembeni ya groupe

Joséphine, soma hii sasa.

Albertine, mushonaji mwenzetu wa atelier, alianguka leo asubuhi juu ya masini yake ya kushona. Tukamupeleka dispensaire ya hapa Kamalondo. Bakamupima damu. Sukari iko juu sana. Diabète.

Albertine akacheka. Unamujua: chai anakunywaka bila sukari, chupa ya sucré, ile soda, hagusi hata ku ndoa. Akaambia docteur Liévin, "Mulichanganya damu yangu na ya muntu mwingine."

Docteur hakucheka. Akauliza, "Ku kazi unavuta hewa gani?"

Hewa, Joséphine. Muntu iko na sukari, yeye anauliza hewa.

Albertine akamueleza. Tangu courant ilikatika na bantu banavunja maduka mu ville, groupe, ile masini ya mafuta ya kutoa umeme, inanguruma na kutoa moshi mule ndani na sisi, mulango umefungwa, juu benye kwiba basiibebe. Yeye njo anakaa pembeni yake. Jioni akipenga, kamasi inatoka nyeusi.

Docteur akasema polepole, "Siwezi kusema ni moshi peke yake, mama. Lakini mwenye kuuvuta kila siku, hatari ya diabète inapanda, hata kama hagusi sukari."

Kiisha akauliza, "Sasa pale pembeni anakaa nani?"

Albertine akaacha kucheka.

Joséphine, fasi ile njo iko na taa muzuri. Patron ameipatia Graciella, mutoto wako, tukiwa bado dispensaire. Nimerudia nikamukuta pale, tumbo yake ya mimba inagusa masini, mulango umefungwa, na iko anaimba.