Mbwa Alikula Nini

Mjukuu wangu Zaituni,

Salamu kutoka nyumbani Buyenzi. Mama yako hajambo, na paka wetu amezalia kabatini, juu ya kanga zangu nzuri. Umeniuliza kwa nini daktari wa paka wako huko ugenini anakuhoji kama polisi.

Wakati wa vita nilikuwa namsaidia daktari wa wanyama. Jioni moja, saa ya kutotoka nje imekaribia, mzee mmoja akaleta mbwa anayetetemeka, povu mdomoni.

"Amekula nini?" daktari akauliza.

"Sijui."

"Leo alikuwa wapi?"

"Mi sijui kitu, dokteri."

Siku zile swali lolote lilitisha, maana jibu liliweza kumponza mtu, na sote tulishazoea kujibu hivyo. Mbwa akaanza kukakamaa. Nikafunga mlango, nikamwambia kwa ukali, "Mzee, hapa hakuna anayekutafuta wewe. Tunamtafutia mbwa dawa!"

Akatazama dirishani, kisha akanong'ona, "Sumu ya panya. Mi mwenyewe niliweka jikoni."

Mbwa akapona. Miaka yote iliyofuata mzee yule alinisalimia njiani kwa furaha, lakini jina lake hakuniambia kamwe.

Wewe mjibu daktari wako, mama. Huko uliko, swali ni swali tu.

Bibi yako