Kumi kwa Mbili

Jumatatu, 20 Aprili 2020
Tumeshinda! Redio imesema asubuhi hii — Mahakama ya Juu, Washington. Raia kumi na wawili wanaoamua kesi lazima wakubaliane wote. Wote! Hapa Louisiana kumi walitosha. Ozenne, jirani yangu wa kitanda, kafungwa maisha hivyohivyo: kumi walisema ana hatia, wawili wakagoma. Nilimweleza. Akasema mmoja wa wale wawili ni mama wa kitambaa cha njano; alijua tu mama yule alikuwa anamwamini.
"Wakili," akaniita, kama wafungwa wenzangu wote wanavyoniita, "hiyo hukumu inanihusu mimi?"
Nikamwambia inakuhusu wewe.

Jumanne, 21 Aprili
Ozenne kaanza kugawa vitu. Redio kwa Pitre, mfungwa mwenzetu, kisha mto, viatu vizuri. Hapa ukigawa umeshaondoka, na kudai kurudishiwa ni nuksi. Nikamwambia angoje karatasi kwanza. Akasema nisimtie gundu, nimejifunza sheria kwa vitabu visivyo na majalada.

Jumamosi, 9 Mei
Maktaba imefungwa, corona. Lakini nimepata nakala ya hukumu. Nimesoma mara tatu. Inawaokoa wenye rufaa zilizo wazi bado. Waliokwisha fungiwa kesi, rufaa zikaisha — hilo wameliacha kwa siku nyingine.
Rufaa ya Ozenne ilikataliwa Desemba. Wakili wake wa mahakamani akaandika: tupande mahakama ya juu zaidi? Muda ni siku thelathini. Ozenne kusoma kunampa shida, akaniletea mimi. Nikamwambia achana nayo, inakula mwaka mzima, tuandike maombi mapya wenyewe. Jibu niliandika mimi. HAPANA, kwa herufi kubwa. Yeye akatia sahihi. Januari kesi ikafungwa.
Miezi mitatu tu kabla ya hukumu!
Pitre naye ni kumi kwa mbili. Wakili wake mvivu, tulikuwa tunamcheka. Rufaa yake iko wazi.

Jumatano, 2 Desemba
Leo Washington wanasikiliza kesi ya mtu aliyefungiwa kama Ozenne. Pitre kaondoka, kesi yake inaanza upya. Redio kaniachia mimi. Ozenne anapalilia bamia za shamba la gereza kwa viatu vibovu vilivyofungwa kamba. Nilimpa vyangu. Kakataa, ati safari yake haijafutwa.
Sijamwambia kuhusu Januari.

Jumatatu, 17 Mei 2021
Imetoka. Hukumu ya mwaka jana hairudi nyuma. Waliofungiwa wabaki walipo.
Majaji sita kwa watatu. Sita kwa tatu! Wao hawahitaji kukubaliana wote.
Nilizima redio. Redio ya Ozenne mwenyewe.

Jumanne, 18 Mei
Bweni lote linajua. Wengine wananiuliza: mimi je, yule je? Nachambua tarehe za watu kama mchele. Huyu kesi yake ilifungwa Machi mwaka jana, kakosa. Huyu Mei, kapona. Tarehe tu, basi, hakuna anayeuliza nani alifanya nini.
Ozenne kaja baada ya kazi ya shamba, mikono bado inanuka udongo. Hakulia. Kaniomba nimsomee ile nakala ya hukumu ya mwaka jana yote, polepole. Nikamsomea. Pale kwenye rufaa zilizo wazi akaniinulia kidole.
"Yangu ilifungwa lini?"
Januari, nikasema.
Akahesabu kwa vidole. Januari, Februari, Machi, Aprili. Akarudia.
"Mdogo wangu, ile barua ya wakili. Tulimjibu nini?"
Nikasema ngoja kidogo, nimalize kuandika hapa.
Amekaa ukingoni mwa kitanda changu. Anaongea taratibu asinikatize. Anadhani naandika maombi yake mapya.