Breki Haifungwi

Nyumbani, kibarazani kwenye cherehani
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko? Mgongo unaendeleaje, na ile kazi ya kukaa uliyoahidiwa umeipata? Kula vizuri, na usinidanganye kwamba unakula, maana kwenye picha uliyotuma shingo imerefuka. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, masikio yake yanasikia kile anachotaka tu. Wanao wazima pia. Yule mkubwa ameota ndevu za kuhesabu na anazinyoa kila Jumamosi kwa heshima zote.

Najua unasubiri jibu. Ulimwambia mkeo kwenye simu kwamba kama mteremko unamshinda, aache kazi, afungashe, akufuate huko na watoto. Yeye akanyamaza, na wewe ukadhani kunyamaza ni kukubali. Jibu lako limo humu, kaka, ila kwanza nikusimulie. Na usirukie mwisho, nakujua.

Wifi, tangu mwaka uanze, zahanati imempa kazi ya kuwazungukia wagonjwa wa kule juu kilimani. Anafunga vidonda, anapima presha, anatoa damu za kupelekwa maabara. Walimpa na baiskeli ya milimani, ile ya matairi mapana yenye meno na springi mbele. Kupanda hana tabu, anazunguka kwa barabara ya nyuma, pole pole. Shida ni kurudi. Gari la maabara linaondoka saa sita, na dereva wake hamsubiri mtu hata awe mamake mzazi. Akirudi kwa nyuma, atakuta limeshaondoka. Njia inayowahi ni hii ya mbele, inayoshukia hapa kwenye kibaraza changu, na hii unaijua ilivyosimama. Mawe, mizizi, halafu ile kona mbaya pale ukutani kwa seremala.

Mwezi wa tatu aliangukia pale pale kwenye kona. Akaruka juu ya usukani, akatua kwa kidevu, akashonwa. Tangu hapo akawa akifika juu ya mteremko anashuka, anaikokota baiskeli hatua kwa hatua mpaka chini. Mtaa ukampa jina: Msindikizaji. Maana kweli, ungemwona ungedhani baiskeli ni mgeni aliyekuja kutembea na sasa anasindikizwa. Yeye akacheka nao. Lakini glavu zake nilikuwa nazifua mimi, na viganja vyake vilikuwa vimelowa chepechepe. Mtu hatoki jasho la namna ile kwa kutembea tu.

Matokeo yake, damu zikawa hazifiki kwa wakati, zinaharibika, wagonjwa wanachomwa sindano upya. Seremala, ambaye ana kisukari, siku moja alimnyooshea mkono akamwambia, "Mwanangu, chota, lakini ujue hii damu si ya bomba." Msimamizi wa zahanati naye hakutania. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi wa saba: damu zisipowahi, kilima anapewa mwingine, yeye arudi dirisha la kadi.

Mimi na mdomo wangu nikamwambia, "Wifi, dirisha la kadi si baya, angalau kuna kiti." Alinitazama mpaka nikaona haya. Akasema, "Wale watu wa juu wakisikia kengele yangu wanabandika maji ninawe mikono. Dirishani nani atanibandikia maji?" Nikaendelea kushona kola.

Unamkumbuka yule fundi baiskeli wa kona, mwenye tumbo, tunayemwita Spoku? Ndiye aliyemwokoa. Alimpeleka kwenye ile njia ya viti vya magurudumu mlangoni pa zahanati, akamwambia ateremke amwone. Mteremko wenyewe hata kuku hajali. Wifi akateremka, akasimama ghafla, nusura aruke tena.

"Nani alikufundisha kuendesha?" Spoku akauliza.

"Mume wangu."

"Alikwambiaje?"

"Aliniambia nikiona hatari, nifunge breki."

Spoku akaweka spana chini. "Mama, mlango ndio hufungwa. Breki haifungwi. Unaibana kidogo, unaiachia, unaibana, unaiachia. Ukiifunga ya mbele, gurudumu linasimama, wewe unaendelea na safari."

Umesikia, bwana mwalimu? Kidevu cha mkeo ni kazi ya mikono yako! Nilicheka mpaka nikavunja sindano. Haya, usinune. Sote tunasema hivyo hivyo, funga breki, funga breki, tangu tulipoota meno. Ila huyu ni muuguzi. Ukimwambia vidonge viwili kutwa mara tatu, anakupa viwili kutwa mara tatu. Uliposema afunge, alifunga.

Basi mafunzo yakaanza. Siti ikashushwa. Akafundishwa kusimama juu ya pedali zote mbili zikiwa sawa, magoti na viwiko vilegee, kidole kimoja tu kwenye kila breki, na makalio yarudi nyuma ya siti. Mama alipoliona hilo la mwisho alitaka kujua haya ni mafunzo ya nini hasa, na kwa nini yanafanyika mbele ya zahanati. Mimi mchango wangu ulikuwa sponji. Nilikata kipande cha godoro kuukuu, nikakivika kitambaa cha sare, nikamshonea pedi za magoti na viwiko. Ukimtazama miguuni sasa ni mwanafunzi wa darasa la nne.

Spoku alikuwa na neno jingine analolirudia kama kasuku: macho mbali. Baiskeli inakwenda macho yanakokwenda. Ukilikodolea jiwe, utaligonga hilo hilo. Wifi alisema kuambiwa usilitazame jiwe ni sawa na kuambiwa usimfikirie chui, lakini alijaribu.

Nisikudanganye, hofu haikumtoka kirahisi. Siku moja alifika juu, akakaa chini kando ya njia, akalia. Nilimpandia na chupa ya maji. Akaniambia, "Wifi, akili imekubali, mwili ndio unakataa." Nilikaa naye tu. Baadaye akainuka, akakokota baiskeli mpaka chini kabisa, akapanda hatua chache, akateremka hizo. Akapanda kidogo zaidi, akateremka. Kuanzia hapo ikawa ndiyo namna yake, anaila njia kuanzia mwisho, kipande kwa kipande. Kila jioni baada ya kazi, na mimi namwona, pale jana alipoanzia, leo anaanzia juu yake kidogo. Kaka, watu wasioogopa kitu nimewaona wengi, na sikuwahi kuwahusudu. Huyu meno yalikuwa yanagongana, na kesho yake anapanda tena. Nilianza kumheshimu kwa namna ambayo hata sikujua kama naweza kumheshimu wifi yangu.

Kikabaki kizuizi kimoja, nacho ni sisi. Kila akionekana juu, mtaa mzima unapaza sauti: "Funga breki! Funga breki!" Vidole vyake vinatii kabla yeye hajafikiri. Spoku akapita nyumba kwa nyumba kutoa tangazo: atakayemfungia breki huyu mama, pancha yake ataiziba mwenyewe kwa mate.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo wa saba mvua ilinyesha asubuhi. Karibu na saa sita gari la maabara lilikuwa getini pa zahanati linanguruma. Nilisikia msumeno wa seremala umenyamaza, nikainua kichwa. Wifi alikuwa juu kabisa, begi la damu mgongoni, mguu mmoja chini. Alikaa pale kwa muda mpaka nikajua anashuka, anakokota. Halafu ule mguu ukapanda kwenye pedali.

Mtaa ulikuwa kimya, kaka, kimya kabisa. Watoto wamejiziba midomo kwa mikono yote miwili. Muuza mkaa amekumbatia gunia. Ukisikiliza, unasikia matairi tu kwenye matope. Alipofika kwenye kona gurudumu la nyuma likateleza, likakimbilia upande, Mama akanikamata mkono mpaka leo nina alama za kucha. Na pale pale ambapo zamani angekaza, nikaona vidole vinafunguka. Aliachia! Baiskeli ikajinyoosha yenyewe. Akatupita hapa uso umejaa matope, mdomo wazi, macho mbali, hata salamu hakutoa.

Dereva alikuwa ameshafunga mlango. Akaufungua. Hapo ndipo mtaa ulipolipuka, vigelegele, masufuria, Spoku anarukaruka na tumbo lake. Mimi nililia hadharani bila aibu, na sare ya mtoto wa watu niliyokuwa naishona ikaloa machozi yangu.

Kesho yake msimamizi alimwita, akamwambia kilima ni chake. Tena awafundishe na wauguzi wenzake kuteremka, maana hakuna mwingine anayeweza. Seremala anasema tangu siku ile hajachomwa mara mbili.

Sasa jibu lako. Wifi alishika simu akupigie, Ijumaa na jana pia. Mara zote mbili aliishia kukueleza habari za viatu vya shule, si ndiyo? Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Mwandikie wewe, wifi. Mimi nikisikia sauti yake, nitasema ndiyo."

Kwa hiyo nakwambia mimi. Haji, kaka. Anakupenda, anakuota, mto wako anauanika juani kila wiki kama vile unarudi kesho. Lakini haji. Njoo wewe.

Mama anakusalimu na anakuombea. Wanao wanakusalimu, mdogo anataka kengele ya baiskeli, yoyote ile. Shangazi yetu na baba mdogo nao wanakusalimu, na Spoku anasema hana kinyongo na wewe kama mwalimu. Nisalimie yule mwenzako mnayekaa chumba kimoja, mwambie asante kwa kukupikia ulipougua. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye na kukugombeza,
Mdogo wako,
Kifungo