Chembe cha Moyo na Eda ya Mama

Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Usingizi umerudi japo kidogo? Mwili wangu mzima, ila bado sijazoea kupiga simu nyumbani Makunduchi bila baba kuniuliza kama nshakula.

Kwenye wodi ya moyo ninakouguza wagonjwa, juzi aliletwa mzee wa rika la baba, mshipa wa moyo umezibwa na damu iliyoganda. Zamani sindano ya kuyeyusha damu hiyo ilimngoja mgonjwa afike hospitali. Siku hizi hupigwa humo humo ndani ya gari la wagonjwa, na wazee hupunguziwa kipimo wasije wakavuja damu ubongoni. Mzee yule alifika akimgombeza dereva kwa kukimbiza gari. Wenzangu walicheka. Mimi niliingia stoo ya mashuka nikalia.

Uliniuliza kwenye simu kama kuna dawa ambayo ingemponya baba. Huenda sindano hiyo ingemponya, lau ingewahi. Lakini mwenyewe alikwambia, "Chembe cha moyo tu hiki, n'chemshie tangawizi." Sisi sote tukisema chembe cha moyo tunakusudia tumbo, kumbe yake ulikuwa moyo wenyewe. Ulimchemshia kwa mapenzi, mama. Hakuna wa kukulaumu.

Sasa dada Zuhura ananiambia kuwa na wewe chembe cha moyo kinakubana ukifagia, jasho linakutoka, na akikwambia mwende hospitali unamjibu, "Mie kizuka, nimo edani, n'ende wapi? N'toke eda kwanza." Kwenye simu nami umenikatalia hivyo hivyo. Naogopa, mama. Nilimuuliza mwalimu wetu wa dini hapa, akasema mjane akiumwa hutoka akatibiwa, akarudi ndani kwake. Damu iliyoganda ikiwa bado mbichi huyeyuka. Ikishakaa, sindano haina kazi. Hiyo haingoji eda iishe.

Barua hii anakuletea jirani yangu Bi Salma, anayesafiri leo. Nimemwomba teksi itakayomleta kutoka uwanja wa ndege isiondoke mlangoni mpaka Zuhura amalize kukusomea.

Nisalimie mjomba Haji, aliyemwosha baba, na shangazi anayekupikia. Waambie nawaombea.

Teksi ipo nje, mama. Toka na hizo hizo nguo zako nyeupe za eda, ili uirudie eda yako ukiwa hai.

Mwanao akupendaye,
Mwanahawa