Ngazi Mbili za Nyumba ya Pasta

Forest, Brussels, 9 Novemba

Yaya Charlotte, dada yangu mkubwa,

Sisi huku wazima, ni baridi tu inayotuuma. Uliuliza nyumba ya kanisa ikoje. Yaya, Waingereza walimjengea padri wao zamani za Malkia Victoria: vyumba kumi na vinne, madirisha yenye ncha, na ngazi mbili, ya mbele kwa wenye nyumba, ya nyuma kwa watumishi.

Ni hatari kwa ndoa. Kule Likasi, katika vyumba viwili, hasira haikufika asubuhi, lazima useme, "Pardon, nipite." Huku tulipogombana, bwana yangu, Pasta Nday, alipita ngazi ya mbele, mimi ya nyuma. Siku tisa hatukuonana ila kanisani, alipohubiri juu ya upendo.

Jumanne, akiwa chumba cha juu kabisa, kitasa cha mlango kiling'oka kikabaki mkononi mwake, akafungika ndani. Akavuta kamba ya zamani ya kuitia watumishi, kengele ikalia jikoni. Nikamaliza kwanza kutwanga majani ya muhogo ya sombe, ndipo nikapanda.

"Antoinette, fungula mulango!"

"Nani alikubali tubakie huku miaka mitatu tena bila kuniuliza?"

"Ni mimi."

"Na mama mugonjwa, ataniona lini?"

Nikamsikia akikaa sakafuni. "Bon. Nilikosea. Niliona haya kurudia kwetu mikono mitupu."

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikafungua.

Desemba tunakuja sote wawili. Mwambie mama aningoje. Na mkwewe akifika, asimsamehe siku ya kwanza.

Mdogo wako anayekuwaza,
Antoinette