Sindano Ndani ya Boribo

Jumatatu, 3 Desemba 1945
Nimezunguka miembe yangu kama kila asubuhi, bakora kwapani. Miembe kumi na mmoja. Hapa Kisauni hakuna embe boribo kama zangu, mwenye ubishi aje. Hirizi bado inaning'inia kwenye mwembe wa katikati, kitambaa chekundu na kauri tatu. Nimewaambia watu nimeitoa Pemba, kwa mganga mwenye vidole kumi na viwili, na atakayeokota embe yangu, hata iliyoanguka, tumbo litamvimba kama ngoma. Ndani mna majivu ya jikoni. Hilo ni langu na daftari hili.
Miaka ya nyuma zilizoanguka zilikuwa za kila mpita njia. Wanawake walijaza vikapu bila hata kubisha hodi. Nilichoka. Mwaka huu zinalala chini kwa heshima.

Jumatano, 5 Desemba
Nimepasua boribo. Nje nzuri, haina tundu. Ndani funza. Ya pili, funza. Ya saba, funza. Mmoja kajikunja kama upinde, karuka mpaka ndevuni mwangu. Funza anaruka! Mimi niliyebeba mzinga peke yangu kutoka Voi mpaka Taveta, vita vya kwanza vya Mjerumani, sijaona funza wa namna hii. Huyu katumwa.
Nimempelekea jirani yangu Athmani embe mbili nzima. Nataka kuona uso wake.

Alhamisi, 6 Desemba
Mkewe kazirudisha. Ati wamefunga. Na magharibi je, hawafuturu?
Athmani ni mshona kofia. Mwanawe Salim anamposa Rukia, binti wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye walii. Bila neno langu hakuna nikaha.
Sasa nimekumbuka. Athmani siku zote alikuwa akikatiza kwangu kwenda msikitini. Mwaka huu anazunguka mpaka kisimani. Akifika usawa wa miembe anatazama chini na kukaza mwendo. Mtu asiye na hatia hatembei hivyo.

Jumamosi, 8 Desemba
Bwana shamba kapita na soksi zake za mpaka magotini. Kageuzageuza embe, kasema, "Mzee, ni nzi." Kanionyesha kidoa kwenye ganda. Ati jike hudunga, hutaga mayai ndani, hapo ndipo funza hutoka. Niokote zilizoanguka kila siku, nizizike, shimo lifike kwapani. Nimemcheka. Mimi niliyemng'oa mamba jino huko Mto Tana nifundishwe nzi?
Lakini neno lake moja halinitoki. "Tundu kama la sindano."
Nani hapa anashinda na sindano mkononi?

Jumapili, 9 Desemba
Ushahidi tayari. Funza wanane ndani ya chupa ya achari, mchanga chini wasije wakafa, kipande cha embe juu, mdomo nimeufunga kitambaa. Chupa iko sandukuni, ufunguo shingoni.
Ijumaa ya tarehe 21 wazee wanakuja kupanga siku ya nikaha. Nitaiweka chupa katikati ya mkeka. Nitavunja posa mbele ya baba mtu mwenyewe.

Jumanne, 11 Desemba
Nimemwambia Rukia. Hakulia. Afadhali angelia.
"Ami, utanikosesha mume kwa embe?"
"Si embe. Ni uchawi wa sindano."
"Bwana Athmani, na magoti yake yale, kapanda miembe kumi na mmoja kudunga moja moja? Ami, hata wewe hujawahi kutia chumvi hivyo."
Mamake kacheka mpaka kaacha kukuna nazi. Nimeumia. Tangu hapo Rukia ananiwekea chakula na kuondoka.

Ijumaa, 14 Desemba
Funza hawamo! Kitambaa kimefungwa vile vile, ufunguo haujatoka shingoni. Nimechokoa mchanga. Vipunje kama mpunga, rangi ya kahawia, havitikisiki. Nimevihesabu, vinane.
Athmani ana nguvu kuliko nilivyodhani. Naogopa kidogo.

Jumatatu, 17 Desemba
Athmani ana mwembe mmoja tu, uko mpakani. Leo nimemchungulia akitupa embe zake, zote zimeoza. Funza watupu. Kajiroga mwenyewe asishukiwe. Ujanja huo.
Au?

Alhamisi, 20 Desemba
Nimefungua sanduku. Ndani ya chupa mna nzi.
Sita. Wadogo, manjano, mabawa yana mistari. Mkiani mwa mmoja mna ncha nyembamba. Sindano.
Nimetoka nje na chupa, nimesimama chini ya miembe. Mara ya kwanza nimetazama chini vizuri. Embe zimeoza tabaka juu ya tabaka, zile zilizolala kwa heshima. Mchangani vipunje vile vile, mamia. Nzi wale wale wanapanda majanini.
Hakuna aliyewatuma. Wamezaliwa chini ya hirizi yangu. Nimewafuga mimi, nikampelekea na Athmani.

Ijumaa, 21 Desemba
Wazee wamekuja baada ya sala. Wamezungukia nyuma ya nyumba, wote. Athmani kabaki njiani.
"Karibu, mbona wasimama?"
"Nipite wapi, Bwana Khamisi? Mke wangu kaniapisha nisikanyage chini ya kitambaa kile. Hata embe zako tulizirudisha kwa hofu. Nisamehe."
Kwa hiyo ndiyo sababu ya kisimani. Ndiyo sababu ya kutazama chini.
Rukia mlangoni, leso mdomoni. Ningeweza kusema mganga wa Pemba kanipa ruhusa, tupite salama. Uongo ulikuwa ulimini tayari, tena mzuri. Lakini nani angeokota embe kesho?
Nimeiangua hirizi kwa bakora. Nimeipasua mbele yao. Majivu yamemwagikia kanzu yangu.
"Ya jikoni kwangu," nimesema.
Kicheko kilianza kwa Athmani. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Kisha nimewaambia yote, chupa, sindano, yote. Athmani akaacha kucheka. Kisha kavua viatu, kapanda barazani, kakaa karibu yangu.
Nikaha ni mwezi ujao, inshallah. Neno langu nimelitoa.

Jumapili, 23 Desemba
Tumezika embe. Shimo nimelichimba mimi kwa mapigo matatu. Athmani kasaidia. Athmani kachimba zaidi. Mkono umezama mpaka kwapani.
Wanawake wamekuja na vikapu, wamebisha hodi. Rukia kaniletea uji, kakaa mpaka nikaumaliza.
Alasiri Athmani kakatiza kwangu kwenda msikitini. Katikati ya njia kaokota boribo, kaigeuza, kaitafuta alama ya sindano, hakuiona. Kaila huku akitembea.
Hakuniuliza.